Kabla ya Kununua Gari la Dizeli: Somo la Moshi na Oili



Ndugu msomaji, kaka na dada, safari hii tunatoka kidogo nje ya vitabu vya darasani na kuingia chini ya boneti. Wengi wetu, tukimaliza chuo au hata kabla, tutaitwa nyumbani siku mtu wa familia anapotaka kununua gari. Tutaambiwa: "Wewe umesoma, njoo uangalie." Mimi niliitwa hivyo. Nikaenda, nikaangalia, nikasema gari ni zuri. Ukweli ni kwamba sikujua nilikuwa naangalia nini.

Ilikuwa Rwimbogo, wilayani Rusizi. Baba mdogo alikuwa ameweka akiba miaka sita ili apate pikapu ya dizeli ya kubebea mpunga kutoka bonde la Bugarama hadi Kamembe. Muuzaji alituletea gari saa tano asubuhi, limeoshwa mpaka injini inang'aa. Liliwaka mara moja, na moshi haukuonekana. Tukalipa. Wiki ya tatu, likiwa na mzigo kwenye mlima wa kwenda Kamembe, lilitoa moshi wa buluu uliofunika barabara nyuma yetu. Kila asubuhi tukawa tunakuta doa jeusi uani, na kila siku doa linakua.

Somo hili ni yale ambayo laiti ningeyajua asubuhi ile. Sehemu kubwa haihitaji kompyuta wala vifaa vya ghali. Inahitaji macho, pua, kipande cha boksi, na subira ya kufika mapema.

Kwanza: injini ya dizeli hufanyaje kazi?

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa, kisha pistoni huibana mara 16 hadi 22 ya ujazo wake, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la nyuzi zaidi ya 500. Nozeli hunyunyiza dizeli (mazutu, kama wengi wetu tunavyoiita) ndani ya hewa hiyo, nayo huwaka yenyewe.

Kwa hiyo injini hii inahitaji mambo matatu: hewa ya kutosha, mafuta yaliyonyunyizwa vizuri kwa wakati wake, na mbano mzuri. Jambo moja kati ya hayo likiharibika, bomba la moshi ndilo la kwanza kusema. Rangi ya moshi hukuambia uanze kutafuta wapi.

Pili: fika injini ikiwa baridi

Hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ufike alfajiri. Ukifika, weka kiganja karibu na injini na kwenye rejeta. Ikiwa kuna joto, gari limewashwa kabla yako, na huenda kuna jambo lililopaswa kupita kabla ya wewe kuona. Omba kurudi siku nyingine.

Kwetu huku jambo hili lina uzito wa pekee. Bugarama iko kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo ni miongoni mwa sehemu za chini na zenye joto kuliko zote Rwanda. Gari ambalo plagi zake za kupashia joto zimekufa linaweza kuwaka kirahisi saa tano mchana bondeni, halafu likakataa kabisa alfajiri ya baridi ya Kitabi, upande wa pili wa msitu wa Nyungwe. Sisi tuliletewa gari saa tano, limeshatembea. Hatukuuliza.

Tatu: moshi mweusi

Moshi mweusi ni masizi ya dizeli isiyoungua yote. Maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Anza na sababu rahisi: chujio la hewa limejaa vumbi. Litoe ulitazame. Kisha kagua mipira ya hewa inayotoka kwenye turbo, kwani ikipasuka hewa hupotea njiani. Baada ya hapo ndipo unafikiria nozeli zilizochakaa, pampu iliyofunguliwa kupita kiasi ili gari "liwe na nguvu", au vali ya kurudishia moshi iliyokwama wazi.

Usihukumu haraka, hata hivyo. Gari la dizeli la zamani likikanyagwa ghafla hutoa pumzi moja nyeusi kisha hutulia, na hilo ni la kawaida. Pia hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Ukitoka Bugarama mpaka barabara ya Nyungwe, inayopita juu ya mita 2,000, hewa imepungua zaidi ya asilimia 10. Injini isiyo na turbo itatoa moshi mweusi zaidi huko juu, bila ya kuwa imeharibika tangu jana. La kutia shaka ni moshi mweusi unaoendelea kwenye barabara tambarare, bila mzigo.

Habari njema ni kwamba mara nyingi, kati ya rangi zote tatu, nyeusi ndiyo inayotibika kwa pesa ndogo.

Nne: moshi mweupe

Hapa pana vitu vitatu vinavyofanana kwa macho, na pua ndiyo huvitenganisha.

Cha kwanza ni mvuke wa kawaida wa asubuhi ya baridi. Hauna harufu kali, na hupotea injini ikipata joto. Usiuogope.

Cha pili ni dizeli iliyopita bila kuungua. Huu huchoma macho na kunuka mafuta mabichi. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha ukakoma, tazama plagi za kupashia joto. Ukiendelea, huenda nozeli inatiririsha badala ya kunyunyiza, au majira ya pampu yamechelewa, au mbano umekwisha.

Cha tatu ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda kupitia gasketi ya hedi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Moshi huu hauishi hata injini ikiwa moto. Vitabu husema una harufu tamutamu, lakini harufu hiyo hutokana na dawa ya rejeta, na magari mengi ya kwetu hujazwa maji matupu, kwa hiyo usiitegemee pua peke yake. Fanya hivi: injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, iwashe, utazame. Mapovu yanayotoka mfululizo ni dalili ya gesi ya silinda kuingia kwenye maji. Zima, rudisha kifuniko, uwashe tena, kisha baada ya dakika mbili minya mpira mkubwa wa rejeta. Ukiwa mgumu kama jiwe wakati injini bado ni vuguvugu, kuna tatizo. Usifungue kifuniko hicho injini ikiwa moto, kwani maji yataruka yakuunguze uso.

Mwisho, vuta kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji. Utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee unaweza kuwa jasho la safari fupifupi. Kwenye kijiti, hapana. Hilo ni gari la kuachana nalo.

Tano: moshi wa buluu

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na huu ndio uliotupata sisi. Swali ni oili imeingilia wapi. Wakati wa moshi kutoka ndio unaokujibu.

Ukitoka gari likiwa limeteremka mlima mrefu bila kukanyagwa, na ukakanyaga tena chini, au ukitoka asubuhi tu baada ya gari kulala, shuku sili za vali. Hilo ni tatizo la wastani.

Ukitoka hasa wakati wa mzigo na kupanda, shuku ringi za pistoni na silinda zilizolika. Hilo ni kufungua injini yote.

Ukizidi turbo inapofanya kazi, vua mpira wa hewa baada ya turbo na upitishe kidole ndani. Unyevu mdogo wa oili ni kawaida. Oili inayochuruzika ni turbo iliyochakaa au bomba lake la kurudishia oili lililoziba.

Usipuuze turbo inayovujisha oili, kwani kuna hatari ya roho. Injini ya dizeli inaweza kuanza kujilisha oili yake yenyewe, ikapiga mbio bila breki, na ukizima ufunguo isizimike. Ikikutokea gari likiwa limesimama na lina gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ili injini ifie. Wengine huziba mdomo wa hewa kwa ubao mzito. Usitumie kiganja wala kitambaa chepesi, kitavutwa ndani. Ukishindwa, kaa mbali, wala usisimame kando ya injini.

Sita: sikiliza injini inavyopumua

Jaribio hili alituonyesha fundi mmoja mzee wa Kamembe, tukiwa tumeshachelewa. Injini ikiwa na joto na inaunguruma polepole, alifungua kifuniko cha kujazia oili na kukigeuza, akakiacha juu ya tundu lake. Kilirukaruka na kudondoka, na moshi ukatoka kwenye tundu kwa mapigo kama bomba la treni.

"Kijana," akaniambia, "kila kiroja nje ya injini hii kimeanzia hapa."

Alikuwa na maana hii. Ringi zikilika, gesi ya silinda hushuka chini kwenye sampu na kuijaza shinikizo. Shinikizo hilo hutafuta njia ya kutokea, nalo husukuma oili kwenye kila gasketi na kila sili. Sisi tulikuwa tumebadilisha gasketi mbili tayari, na oili ikawa inahama tu kutoka hapa kwenda pale. Moshi wa buluu na uvujaji uliokuwa chini vilikuwa ugonjwa mmoja. Ukiona gari linavuja sehemu nyingi kwa pamoja, usihesabu gasketi kwanza. Kagua mpira wa kupumulia, maana ukiziba nao huleta shinikizo lilelile kwa gharama ndogo. Ukiwa mzima, na injini bado inapumua hivyo, umefika kwenye ringi.

Saba: kufuata oili inayovuja

Omba gari lilale juu ya kipande kikubwa cha boksi kavu. Asubuhi boksi litakuambia rangi na mahali. Oili nyeusi ni ya injini. Nyekundu mara nyingi ni ya usukani au giaboksi isiyo ya mkono. Nzito yenye harufu kali kama ya kiberiti ni ya giaboksi ya mkono au ya difu. Mafuta mepesi yanayonuka mazutu ni dizeli.

Kumbuka oili hushuka chini, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Tone linapodondokea sipo lilipotokea. Tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa, uanzie hapo. Injini ikiwa chafu, ioshe, ikaushe, ipake poda nyeupe sehemu unazoshuku, tembea kilomita 10 au 15, kisha tazama poda ilipolowa.

Sehemu za kukagua, kutoka rahisi hadi ghali: bolti ya kumwagia oili na chujio lake, gasketi ya kifuniko cha vali, sili ya mbele ya kranki, nyuma ya puli, na sili ya nyuma ya kranki, inayodondosha katikati ya injini na giaboksi. Hii ya mwisho yenyewe ni bei ndogo, lakini lazima giaboksi ishushwe, na ikiachwa oili hufika kwenye klachi. Katika injini nyingi za zamani za Toyota za aina ya 2L na 3L, pampu ndogo ya kusaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta na hulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikivuja, oili huingia ndani ya alteneta. Watu hubadilisha alteneta mara mbili bila kujua adui ni nani.

Kijiti cha oili nacho kina habari zake. Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida, hata siku chache baada ya kuibadilisha. Oili safi ya rangi ya asali katika gari la miaka 20 maana yake imewekwa jana. Uliza kwa nini. Oili iliyopanda kupita alama ya juu na kunuka mazutu maana yake dizeli inavujia ndani, na oili hiyo haitalinda vyuma. Oili nzito kupita kawaida, inayoshuka kwenye kijiti kama uji, mara nyingine huwekwa makusudi kupunguza moshi wa buluu kwa siku chache. Ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Nane: mpe mzigo

Usinunue gari la kazi kwa kulizungusha uwanjani. Lipeleke mlimani, ikiwezekana na mzigo, mwenzako akifuata nyuma kwa pikipiki akitazama bomba. Teremka bila kukanyaga, kisha kanyaga. Mkirudi, acha injini ingurume dakika kumi, ukanyage tena. Kabla na baada, pima oili na maji. Nusu siku hii ingetuokolea akiba ya miaka sita.

Tusisahau pia wanaovuta moshi huo. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kipimo cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Lakini dizeli safi ndani ya injini mbovu bado ni moshi, na watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule ndio wanaoupokea.

Tisa: na ukiwa wewe ndiye muuzaji?

Mpaka hapa nimesema na mnunuzi. Lakini baada ya fundi kutueleza, baba mdogo hakuwa mnunuzi tena. Alikuwa na gari bovu mkononi na deni la mpunga. Dalali, komisiyoneri kama tunavyomwita, alimjia na ushauri: osha injini, weka oili nzito, peleka mchana, yupo mteja Nyakarenzo. Yaani tumfanyie mwingine tulichofanyiwa sisi.

Tunajua wote kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono, na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Muuzaji alieleza kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutoiweka juu sehemu iliyolowa ili watu waione. Injini iliyooshwa na oili iliyofanywa nzito ni rundo lilelile. Wanazuoni wa fiqhi wameweka haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa akigundua aibu iliyofichwa kabla ya mauzo, na mlango huo unaitwa khiyari ya aibu. Ukipatwa na jambo hili, nenda kwa mwanachuoni na ushahidi wa fundi, mapema, kabla hujaendelea kulitumia gari. Sisi tulichelewa, na muuzaji wetu hakupokea simu tena.

Baba mdogo alimwita mteja wa Nyakarenzo alfajiri, injini ikiwa baridi. Akafungua kifuniko cha oili mbele yake, akakiacha kirukeruke.

"Ringi zimekwisha, ndugu yangu," akasema. "Bodi ni nzima, giaboksi ni nzima. Injini utaifungua."

Mteja alilizunguka gari, akanyamaza, akataja bei iliyokuwa karibu nusu ya ile tuliyolipa. Wakakubaliana. Mimi muhula ule nilichelewa kujisajili, kwa sababu sehemu ya pesa ile ilikuwa karo yangu. Nilikasirika, sitaficha. Nilimuuliza kwa nini asingesema tu "naliuza kama lilivyo" akanyamaza.

"Mwanangu," akanijibu, "yule naye ana mtoto anayesoma."

Maswali ya kujipima

1. Gari limetoa moshi mweupe alfajiri, na umeisha baada ya dakika tano. Utajuaje kama ni mvuke au dizeli isiyoungua?
2. Injini inavuja sehemu nne kwa wakati mmoja. Utakagua nini kabla ya kununua gasketi?
3. Oili imepanda juu ya alama bila mtu kuiongeza. Taja vitu viwili vinavyoweza kuwa vimeingia, na namna ya kuvitofautisha.
4. Unauza gari lenye sili ya nyuma inayovuja, na mnunuzi hakuuliza. Je, kunyamaza kwako ni sawa? Jadilini katika halaka yenu.

Wabillahi tawfiq.